Bega la Baba Mkwe

Vijana mnaofanya kazi hospitali, mmenitania sana tangu nilipolazwa kwa ajili ya goti hili. Mmoja wenu alinisukuma juu ya kitanda cha magurudumu akaniuliza kama naogopa. Nikamwambia siogopi, ila ananisukuma vibaya, maana sakafu inashuka naye amenitanguliza kichwa. Alicheka, akauliza babu amejulia wapi mambo hayo. Basi nimekaa barazani kuwaandikia. Kalamu ninayo, na goti haliniruhusu kwenda popote, jambo ambalo sikulizoea maishani mwangu.

Nilikuwa mbeba machela. Siku za Wajerumani, hapa palipo na soko la Kyela palikuwa matete na ng'ombe, na gari la wagonjwa lilikuwa mabega ya watu. Mgonjwa wa huku bondeni akizidiwa, tulimbeba kutoka kwenye migomba yake mpaka misheni ya mlimani, ambako palikuwa na mama mmoja wa Kizungu aliyejua dawa. Sisi tulimwita Mama tu.

Sikuanza na kazi hiyo. Nilizaliwa ufukweni, kwa Wakisi, na mama yangu alifinyanga vyungu. Walinipeleka shule ya misheni nikajifunza kusoma nusunusu. Siku moja mwalimu alitueleza kwamba ziwa lina mwisho upande wa kusini. Kesho yake sikuonekana darasani, nilikuwa nimekwenda kuutazama huo mwisho. Sikufika. Nilipiga makasia kwenye mitumbwi ya vyungu, nikachimba barabara ya boma, nikampikia mfanyabiashara mmoja pale Mwaya mpaka siku alipoonja. Kila kazi niliiacha nikiwa nimekwisha kujua inavyofanywa. Hii ya machela ndiyo pekee ambayo sikumaliza kuijua, ndiyo maana nilikaa nayo mpaka mabega yalipogoma.

Aliyenifundisha aliitwa Gwakisa, mtu mfupi mwenye shingo nene, Mkristo wa kwanza katika ukoo wake. Jambo la kwanza alilonifundisha ni kutembea ovyo kwa makusudi. Askari wanapiga hatua kwa pamoja, na wanapendeza. Wabeba machela wakifanya hivyo, kitanda kinayumba kama mtumbwi na mgonjwa anatapika. Kila bega lazima liwe na mwendo wake. Jambo la pili, njia ikipanda tanguliza kichwa, ikishuka tanguliza miguu. La tatu, usimwambie mgonjwa kwamba mmekaribia kama hamjakaribia. Hilo nilifundishwa na bibi mmoja wa Njisi tuliyembeba akiwa na kidonda cha mguu. Kila alipouliza, nilimwambia, "Karibu tutafika, bibi." Baada ya kona nyingi alinyanyua kichwa akanitazama.

"Kijana," akasema, "hiyo karibu yako ina miguu. Inatukimbia."

Gwakisa alicheka mpaka tukalazimika kutua.

Lakini jambo alilolishika kuliko yote ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyeruhusiwa kusema tumemponya mtu. Watu walipotushukuru alijibu, "Sisi ni miguu yake tu. Umewahi kuona miguu ikijisifu?" Kabla ya kunyanyua alivua kitambaa kichwani na kuomba, na maombi yake yalikuwa mafupi. "Bwana, huyu ni wako. Sisi tunamleta tu." Basi, tunanyanyua. Mimi nilizoea maombi marefu ya shuleni, ya kusinzia, nikamuuliza kama Mungu anaridhika na machache hivyo. Aliniambia mgonjwa anangoja.

Sasa niwaeleze kwa nini kazi ile ilikuwapo. Kijiji kina wanaume, mbona wasimbebe mgonjwa wao wenyewe? Sababu ilikuwa heshima ya mkwe. Kwa Wanyakyusa wa siku zile mwanamke aliyeolewa hakumtazama baba mkwe wake, hakukaa naye chini ya paa moja, hakukanyaga njia moja naye wakati mmoja. Akimsikia anakuja alijifunika nguo kichwani, akatoka njiani na kuchutama kando mpaka apite. Baba mkwe naye alikohoa kutoka mbali ili mtoto wa watu asifumaniwe. Na baba mkwe hakuwa mmoja. Rika lote la mzee yule, waliojenga naye kijiji kimoja, walikuwa wakwe vilevile. Kwa hiyo mke wa kijana akiugua, na vijana hawapo, kijiji kizima cha wazee wenye nguvu walisimama mbali wamempa mgongo, roho zinawauma, wasiweze kumgusa. Hapo ndipo walipotuita sisi, watu wa mbali.

Tulipobeba mwanamke, wa mbele alipaza sauti njia nzima, "Mkwe anapita!" na kulitaja jina la ukoo, ili wahusika waondoke. Nilipokuwa mgeni niliona haya kupiga kelele, nikanyamaza. Tukamkuta mzee kwenye kona, kiko mdomoni. Alipotambua ni mke wa mwanawe alijirusha ndani ya mtaro wenye upupu. Tulipopita tukasikia sauti yake kutoka chini kwenye majani, ya upole kabisa, "Enyi watu, muwe mnasema mapema." Alijikuna mpaka mavuno, nasikia.

Nimewasimulia hayo mcheke, lakini pia mwelewe habari ya Subilaga, maana bila kuijua heshima ile mtamwona mzee wake kama mtu wa ajabu tu.

Subilaga alikuwa mke wa kijana mmoja wa upande wa Talatala. Alikuwa amebatizwa muda mfupi kabla ya kuolewa. Mumewe, kama vijana wengi wa mwaka ule, alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya serikali, na hakuna aliyejua yuko wapi. Subilaga akajifungua mtoto wa kike, kisha akashikwa na homa ile ya uzazi ambayo siku zile wanawake wachache waliiponyoka. Baba mkwe wake, mzee Mwasyeba, ndiye aliyetuma watu watuite. Alikuwa mzee kwa cheo zaidi kuliko kwa miaka, mrefu, kifua kipana, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Hakuwa Mkristo. Alisema misheni ni ya watoto na ya watu wasio na ng'ombe.

Tulikwenda wanne, Gwakisa na mimi na ndugu wawili wa Njisi. Kwa kawaida tulikuwa sita, lakini wawili walikuwa wamechukuliwa kwenye mizigo ileile. Tulimkuta Subilaga ndani, midomo imepasuka, mkono wake ni moto. Mama mkwe wake ndiye aliyekuwa akimuuguza, mama mnene kidogo mwenye ulimi wa haraka, naye akamfunga mtoto mgongoni kuja nasi. Mzee alikuwa nyuma ya zizi, ametupa mgongo. Gwakisa akaomba maombi yake mafupi, tukanyanyua.

"Huyu Mkisi anaweza?" mama mkwe aliuliza, akinitazama. "Bega lake limezoea vyungu."

"Vyungu havilalamiki, mama," nikamwambia.

"Wala huyu halalamiki. Ndicho kinachonitisha."

Tulipotazama nyuma tukamwona mzee akitufuata, mbali sana, kiasi cha kuonekana kama fimbo kati ya migomba. Tukitua, naye alisimama. Tukinyanyua, naye alitembea. Mkewe alisema, "Mwacheni. Nyumbani hawezi kulala wala kula. Afadhali atembee."

Ilikuwa masika. Mto Mbaka ulikuwa umejaa hadi kwenye matete, tukavushwa kwa mtumbwi, na mzee akangoja mtumbwi urudi kumchukua peke yake. Tulipokuwa tunapanda ukingo wa pili, wenye utelezi, yule mdogo wa ndugu wa Njisi alikanyaga shimo lililofichwa na majani. Nilisikia mlio. Hakuangusha kitanda, nitamheshimu kwa hilo mpaka nife. Alipiga goti, akakishikilia mpaka tukakitua, ndipo akakaa na kutazama mguu wake uliokuwa umegeuka vibaya.

Mabega matatu hayawezi kitanda cha miti miwili. Tulijaribu. Mama mkwe alimkabidhi majeruhi mtoto, akaingiza bega lake, lakini alikuwa mfupi na kitanda kikainama, Subilaga akateleza upande wake. Tukatua tena. Wanaume wawili waliokuwa wakichunga karibu walikuja mbio kutusaidia. Wakauliza, kama ilivyo ada, "Ni mke wa nani?" Tulipowaambia, walisimama palepale. Walikuwa wa rika la mzee. Walitupa mgongo, wakaondoka polepole kuingia migombani, na mmoja wao alikuwa akijifuta macho.

Mbele yetu palibaki nusu ya njia, tena ya kupanda. Mawingu yalikuwa yamefunika milima ya Ukinga ng'ambo ya ziwa. Subilaga alikuwa anapumua kwa kasi, kama mtu anayekimbia amelala.

Gwakisa akavua kitambaa kichwani, akatazama nyuma. "Twende kwa mzee," akasema. Alikuwa akimwambia kaka wa majeruhi, lakini mimi ndiye niliyemfuata. Sikuwahi kuona mahali watu wanakwenda kuzungumza nikabaki.

Mzee alikuwa amekwisha kuvuka, yuko nyuma ya shina la mgomba, mkuki ameuchomeka ardhini, macho yako mtoni.

"Tata," Gwakisa alimwita kwa heshima ya baba, "tumebaki watatu."

"Nimesikia. Mwendo ulikuwa wa watu wanne, halafu ukanyamaza."

"Bega la nne hatuna."

"Ninalo," mzee akasema. "Unafikiri sijui kwamba ninalo? Ningekuwa na ruhusa ya kumbeba ningembeba tangu nyumbani. Msingepata hata habari."

"Unaogopa nini, tata?"

"Siogopi kwa ajili yangu. Mimi nimekula, ng'ombe wangu wamezaa, watoto ninao. Lakini hao wazee walio chini, waliokufa zamani, wakiona bega langu chini ya kitanda chake, hawatanipiga mimi. Watampiga yeye. Watampiga yule mtoto mchanga. Nikimbeba namuua. Nisipombeba anakufa. Nieleze wewe uliyesoma, nifanye nini."

Nilikuwa mjuaji siku zile. Nilitaka kumwambia kwamba wazee walio chini hawafanyi kitu. Gwakisa aliniona nafungua mdomo, akanikanyaga kidole cha mguu, kwa uzito wake wote. Kisha akakaa chini, kwenye tope, ili awe chini ya mzee.

"Mimi sikusoma, tata. Nina habari moja tu niliyoisikia. Palikuwa na akida mmoja."

"Akida? Kama wa boma?"

"Kama huyo. Akimwambia askari nenda, anakwenda. Mtumishi wake akaugua, hawezi kuinuka."

"Mtumishi," mzee akasema. "Na akida akahangaika kwa ajili ya mtumishi?"

"Akahangaika. Akamwendea Yesu."

"Basi huyo alikuwa mtu kweli."

"Yesu akasema, nitakuja kwako. Akida akakataa. Akasema, Bwana, usije. Sistahili uingie chini ya paa langu. Wewe sema neno tu, hukohuko uliko. Mimi najua amri ilivyo. Nikisema, inafanyika hata kama sipo."

Mzee aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake kwa karibu, na haukuwa uso wa mtu mkali hata kidogo.

"Kwa hiyo alisimama nje," akasema.

"Alisimama nje."

"Mgonjwa wake yuko mahali, na yeye yuko mahali pengine, anasema na Bwana kutoka mbali." Aliitikia kwa kichwa polepole. "Hiyo naielewa. Mimi nimesimama nje ya nyumba ya mwanangu tangu alipooa. Mtoto yule kwangu ni kikohozi cha nyuma ya ukuta na chakula kilichopikwa vizuri. Na huyo Yesu hakumkasirikia kwamba hakumkaribisha?"

"Alimstaajabia. Alisema kwa watu wake mwenyewe hajaona imani kama ile."

"Na mgonjwa?"

"Akapona. Bwana hakufika hata uani."

Upande wa mto ndege walikuwa wakipiga kelele. Mzee aliuvuta mkuki wake kutoka ardhini, akautazama, akaulaza chini.

"Hao wazee walio chini. Wanamsikia huyo?"

"Tata," Gwakisa akasema, "alikufa, akashuka huko waliko, halafu akatoka. Wanamjua."

Nimesikia mahubiri mengi tangu siku ile, mengine ya watu wenye kanzu nzuri. Sijasikia jambo lililoingia ndani ya mtu kama lile lilivyoingia. Mabega ya mzee yalishuka, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi mwambie," akasema. "Mwambie nina ng'ombe, hapana, usimwambie habari za ng'ombe. Mwambie sistahili hata kumtazama mtoto huyu, naye ni wa nyumba yangu. Aseme neno."

"Mwambie mwenyewe. Anasikia Kinyakyusa."

Mzee alichutama. Wanaume wa cheo chake hawachutami mbele ya watu, hasa mbele ya Mkisi. Alisema maneno machache kwa lugha yake, kwa sauti ile tunayotumia tukisimama nje ya mlango wa mtu tunayemheshimu. Nilisikia neno Bwana, na neno mtoto, na mwisho ndaga, ambalo kwa Kinyakyusa ni asante. Sikuyasikia mengine, na siku hiyo, ajabu, sikutaka kuyasikia.

Gwakisa akanituma kumuuliza mgonjwa, maana hakutaka lifanyike bila yeye. Nikainama kando ya kitanda, nikamwambia baba mkwe yuko tayari kushika mti. Sauti ikatoka chini ya kaniki aliyojifunika, nyembamba.

"Mwambieni baba arudi nyumbani. Atapatwa na jambo kwa ajili yangu."

"Msikilize huyu," mama mkwe akasema. "Mmoja anaogopa kumuua mwenzake, na mwenzake naye vilevile, na mimi katikati na mvua inakuja. Mwanangu, baba yako amesema na Yesu wako. Kwa kinywa chake. Nimemwona amechutama."

Kaniki ikatulia.

"Baba amesema na Yesu?"

"Amesema."

"Basi aje. Mnifunike vizuri, asione haya."

Tulikata majani ya mgomba, tukayafunga kuzunguka kitanda kama ua, pande zote mpaka juu. Gwakisa alimpanga mzee nyuma, upande wa ziwa, na mimi nyuma upande wa pili. Majeruhi tulimwacha kwenye kibanda cha mvushaji. Mzee alikunja ngata ya majani makavu ya mgomba, akaiweka begani, akaingia chini ya mti huku uso ameugeuzia ziwani. Tukanyanyua.

Mwanzoni alitembea kama askari, akilinganisha hatua na mimi, kitanda kikaanza kuyumba.

"Tata," nikamwambia kwa woga, "usinifuate hatua. Tembea ovyo."

"Nimekuwa mtu mzima nifundishwe kutembea na mfinyanzi," akasema. Lakini akajifunza, tena haraka. "Ndaga, mwalimu."

Mvua ilitukuta kwenye mlima. Ngata ya mzee ililowana ikasambaratika, mti ukakaa kwenye mfupa, nikaona damu ikichanganyika na maji kwenye mkono wake. Nilimwambia tutue akunje nyingine. Alisema, "Yule aliye juu ya kitanda anapumzika? Twende."

Na hapo kwenye mpando ndipo mama mkwe aliyekuwa akitembea kando aliingiza mkono kwenye majani, akautoa haraka, akaita, "Subilaga." Akaita tena. Hakuna jibu. Ile pumzi ya kukimbia tuliyoisikia njia nzima ilikuwa haisikiki.

Mti begani kwangu ulitetemeka. Si mimi niliyeutikisa. Mzee alikuwa amesimama, macho yameganda ziwani.

"Nimemuua," akasema.

"Tata, ukiuacha mti ataanguka," Gwakisa alisema kutoka mbele, bila kugeuka.

"Amesema neno au hajasema? Niambie. Wewe ndiye mtu wake. Amesema?"

Mimi nilingoja Gwakisa ajibu amesema. Mtu yeyote angejibu hivyo, na mimi ningekuwa wa kwanza. Maji yalikuwa yakimtiririka shingoni.

"Sijui, tata," akasema. "Mimi si mlinzi wa kinywa chake. Ninachojua ni kwamba umemwomba, naye si mtu wa kumfukuza aliyesimama nje."

Tulisimama hivyo, mti begani, mvua inatupiga. Mama mkwe alikuwa ameweka sikio kwenye majani. Kisha nikahisi uzito umekaa sawa upande wa mzee. Alikuwa amejinyoosha.

"Basi tutembee," akasema, "kama watu waliosikia."

Tukatembea. Hatukutua mpaka misheni. Kwangu mimi, wajukuu zangu, mambo yote niliyojifunza juu ya imani yako katika mpando ule. Nilikuwa nafikiri imani ni kujua. Yule mzee hakujua chochote, aliushikilia mti.

Mama wa misheni alitupokea mlangoni, akayang'oa majani yetu, akaweka sikio kifuani kwa Subilaga, akasema yu hai, ila amezimia. Akafunga mlango na wanawake wake. Mzee alikwenda kukaa chini ya paa la jiko, nyuma, ambako ukuta ulimficha. Alikaa pale siku zile zote. Mpishi alimpa uji, hakunywa. Alipewa blanketi, akalikunja na kulikalia. Jioni moja alikohoa, na mama mkwe akaniambia kwamba Subilaga, aliyekuwa hamtambui mtu, aliusogeza mkono kuvuta nguo kichwani.

Kisha asubuhi moja mama mkwe akatoka, mtoto mgongoni, amekasirika.

"Ameomba uji," akasema kwa sauti ili isikike nyuma ya ukuta. "Nimempa. Anasema hauna chumvi. Usiku wote nimekesha naye, halafu anasema hauna chumvi."

Nyuma ya ukuta tukasikia mtu mzima akilia kwa nguvu, bila kujizuia, kama wanavyolia ng'ombe wakirudi kwa ndama wao.

Mimi, kwa udadisi wangu, nilianza kuulizauliza. Homa ilishuka saa ngapi? Ni pale mtoni, au njiani, au baada ya dawa? Mama aliniambia kwamba dawa ileile aliwapa wanawake wengine na baadhi yao wamelala makaburini, kwa hiyo nisimuulize yeye. Gwakisa aliniuliza kama nataka kumpimia Bwana kazi. Nikaacha. Na ninyi msifikiri kila tuliyemwombea alipona. Tulimbeba mke wa Gwakisa mwenyewe mwaka uliofuata, njia ileile, kwa maombi yaleyale mafupi, tukamrudisha amefunikwa. Aliendelea kuomba vilevile kabla ya kunyanyua, wala sauti yake haikubadilika. Alisema amri si yetu, na kwamba mtu anayesema neno anaweza pia kunyamaza, na yeye bado ni Bwana. Ninyi mnaoshika sindano na vidonge vyenye nguvu kuliko vya Mama, mkumbukeni huyo mtu mfupi mnapoambiwa asante.

Siku ya kurudi Subilaga alitembea kwa miguu yake. Tulimfuata na kitanda kitupu endapo atachoka, hakuchoka. Mzee alikuja nyuma, mbali, kama fimbo kati ya migomba, kwa sababu heshima ilikuwa imerudi mahali pake na hakuna aliyetaka iondoke.

Tulipofika mtoni Subilaga aliomba tupumzike. Aliwasha moto, akachoma ndizi alizopewa misheni, akazimenya kwa uangalifu, akachagua zile nzuri na kuziweka katikati ya njia juu ya jani la mgomba, na jani jingine akafunika. Alinyunyiza chumvi kidogo. Kisha akajitanda kaniki yake, akampokea mtoto kwa mama mkwe, akaingia mtumbwini bila kutazama nyuma.

Mimi nilitazama. Kutoka katikati ya mto nilimwona mzee akitokea, akasimama mbele ya lile jani. Alikaa chini palepale njiani. Aliinua jani la juu, mvuke ukatoka, akainamisha kichwa muda mrefu kuliko Gwakisa alivyowahi kuinamisha chake. Halafu akala, taratibu, hakubakiza. Mvushaji alikuwa amerudi kumchukua, akampungia mkono aje. Mzee alimwonyesha kwa kidole upande wetu, ambako Subilaga alikuwa bado akipanda ukingo na mtoto wake, kwamba asubiri kwanza mkwe apite.